Mshikaji kahamia kwake Chanika, nyumba bado haijaisha: nimpelekee zawadi gani?

#1 MtuWaPugu
Habari za jioni wakuu.

Nina mshikaji wangu wa damu, tulianza kazi pamoja na tulipanga nyumba moja Gongo la Mboto enzi zile za kugawana ndoo ya maji. Sasa kahamia kwake Chanika. Kajenga kwa mshahara tu, tofali kwa tofali, hana mkopo wala mjomba. Jumamosi ijayo kaita watu wachache, kutakuwa na ibada fupi halafu chakula. Nyumba yenyewe bado: sebuleni hakuna dari, vyumba viwili havina milango, jikoni kuna meza ya zege isiyo na vigae. Ila kahama na familia yote, kodi ya nyumba ya watu kaaga.

Mimi nilishanunua seti ya visu vya jikoni, vile vizuri vya chuma kisichoshika kutu, na kibao chake cha kukatia. Mama mkwe kaviona akaniuliza vya nani. Nilipomwambia akasema kisu hakipelekwi kwenye nyumba mpya. Nikauliza sababu, akajibu "hakipelekwi tu, mwanangu". Yule mama haongei ovyo, kwa hiyo nimevirudisha kabatini kwanza.

Naomba mnisaidie: hii ya kisu inatoka wapi? Na kama si kisu, ni nini kinafaa kwa laki moja na nusu, nikijibana laki mbili? Sitaki kumpelekea kitu cha kuwekwa juu ya friji kikaota vumbi. Nawasilisha.

#2 KijanaWaTemeke
Bahasha. Mtu aliyetoka kujenga hana shida ya visu wala vikombe, ana shida ya hela. Uzi ufungwe.

#3 UmmuZuwena
Assalaam alaykum. Kaka, mama mkwe wako kasema kweli. Sie huku Unguja kisu hatupeleki, wala mkasi, wala sindano. Bibi yangu alikuwa akisema chenye makali kinakata udugu. Na sindano usiku hata dukani baadhi ya watu hawakuuzii mpaka leo.

Kinachotangulia kuingia nyumba mpya kwetu ni msahafu, kisha maji na chumvi. Watu wanakaa wanasoma Yasini na Suratul Baqara, panafukizwa ubani chumba hadi chumba, halafu ndiyo vyombo vinaingia. Mie ningemchukulia chetezo kizuri cha udongo, ubani wa maana, na udi ule wa kupikwa nyumbani kwa sukari na marashi. Nyumba mpya inanuka saruji na rangi, ikifukizwa unahisi kweli sasa watu wanakaa.

#4 MtuWaPugu
Ahsante dada Ummu. Nilisahau kusema, hawa ni Walutheri, mchungaji anakuja. Sijui ubani utapokelewaje.

#5 Fundi_Plasta
Mimi kazi yangu ni nyumba za watu, nimeona sherehe nyingi za kuhamia kuliko harusi. Naomba nisikilizwe.

Watu wanakuja na saa za ukutani, maua ya plastiki, picha za maporomoko ya maji. Unakuta nyumba haina dari ila ina saa nne, kila moja na majira yake. Zawadi nzuri inaonekana ukimwangalia mwenye nyumba usiku wa kwanza. Anapigwa na mbu kwa sababu madirisha yana nondo lakini hayana wavu. Mlango wa chumbani ni shuka limetundikwa. Choo cha ndani hakijaunganishwa na karo. Hivyo ndivyo vinavyomkosesha usingizi.

Umesema vyumba viwili havina milango. Nunua vitasa viwili vizuri, bawaba zake na skrubu. Siku fundi seremala akileta milango, kitasa kipo. Au nunua wavu wa madirisha yote. Au saruji, mpelekee mifuko kadhaa, hakuna mjenzi aliyewahi kuchukia saruji.

#6 MamaMdogoBunju
Fundi #5, kwenye wavu niko na wewe, kwenye saruji hapana. Mimi nilipohamia, wifi yangu alinishushia mifuko mitatu ya saruji mbele ya wageni, na gari likapiga honi. Nilishukuru kwa sababu nimelelewa hivyo. Lakini kila mgeni aligeuka kutazama ukuta wa nyuma ambao haukuwa na plasta. Siku ile nilitaka watu waone nilichofikia, yeye akawaonyesha nilichokosa.

Mpelekee kitu cha wao kukaa: shuka nzuri za kitanda, blanketi, mkeka mkubwa wa ukindu. Nyumba isiyo na makochi, mkeka ndiyo sebule. Wageni ishirini wanakaa wote na watoto wanalala hapo hapo.

#7 Fundi_Plasta
Mama mdogo nimekuelewa. Basi saruji ipelekwe Ijumaa kwa guta, hakuna mgeni wa kuiona. Kosa la wifi yako ni saa na honi, si saruji.

#8 MamaMdogoBunju
Sawa fundi, hiyo ya Ijumaa naikubali nusu.

#9 MswahiliLeipzig
Salamu kutoka Ujerumani. Mtoa mada, hii ya kisu si ya mama mkwe peke yake. Huku nako kuna wazee wanaamini ukimpa rafiki kisu umekata urafiki. Dawa yao ni rahisi: anayepewa anakutolea sarafu ndogo kabisa, senti moja inatosha, ili ionekane amenunua na hakupewa. Kwa hiyo mwambie mshikaji akupe shilingi mia, mchezo umekwisha, visu vyako vinaingia.

Kingine: hapa mtu akihamia nyumba mpya anapelekewa mkate na chumvi. Sasa soma #3, Ummu kasema chumvi na maji. Watu wa Unguja na watu wa huku hawakukaa kikao, lakini wote wamefika kwenye chumvi. Mimi nadhani ni kwa sababu zamani chumvi ilikuwa ghali na haiozi. Ukimpa mtu chumvi umempa akiba.

#10 UmmuZuwena
Si ughali. Pwani chumvi tunaivuna wenyewe, Pemba ipo, Bagamoyo ipo. Chumvi inazuia vijicho na vyenginevyo visivyoonekana. Ndiyo maana ikitangulia.

#11 MzeeWaSoni
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Kuhusu kisu mimi niliambiwa jambo jingine na baba yangu. Alisema nyumba mpya ni mahali ambapo mume na mke wametoka kugombana sana. Ujenzi unagombanisha: hela ya ada imeingia kwenye bati, hela ya bati imeliwa na fundi, mke anataka jiko kubwa, mume anataka sebule. Wanahamia hasira bado hazijapoa. Ndiyo maana wazee hawakutaka makali mapya yaingie siku hiyo. Hakuna uchawi hapo, ni tahadhari ya watu waliowajua binadamu.

#12 Fundi_Plasta
Mzee wangu, "imeliwa na fundi" umenigusa. Wapo wanaokula, wengine tunajenga. Ila habari ya ugomvi ni kweli tupu, tunayasikia yote tukiwa juu ya ngazi.

#13 JaNyando
Hamjambo kutoka Kisumu. Mnanichanganya na hii kisu. Sisi Wajaluo, mwanamume akitoka boma la babake kuanzisha lake, anaingia na jogoo, na kifungua mimba wake wa kiume anabeba shoka. Bibi anabeba moto. Yaani chuma yenye makali ndiyo inatangulia kufungua boma. Sasa inawezekanaje makali iwe mkosi Unguja na iwe baraka kwetu?

Jogoo ndiyo ningewashauri. Jogoo mzima, si wa kuchinjwa. Akiwika asubuhi majirani wanajua hapo pana mtu.

#14 NyarLolwe
Ja Nyando, hilo shoka si zawadi. Linatoka kwa mwenye boma mwenyewe, halipewi na rafiki. Na jogoo vilevile. Mgeni hawezi kuja na jogoo akakufungulia boma, hiyo ni shughuli ya ukoo. Kwa hiyo mfano wako haupingani na wa Ummu. Yeye anazungumza kuhusu kitu kinachotoka nje kwa mtu mwingine.

#15 JaNyando
Nimekubali kuhusu shoka. Kuhusu jogoo bado. Shemeji yangu aliletewa jogoo na jirani na hakuna kitu kilitendeka, wanaendelea vizuri na kuku wamejaa.

#16 KijanaWaTemeke
Mpaka sasa tuna visu, shoka, chumvi, saruji na jogoo. Bado nasimama na bahasha.

#17 MtotoWaKibosho
Mpeni mti jamani. Saa inaharibika, blanketi linachakaa, mti unabaki. Watoto wake watakula matunda wakikutaja. Sisi Kilimanjaro hata ukienda kuomba msamaha unaenda na jani la isale, mmea kwetu una uzito. Mimi ningempelekea miche ya parachichi za Hass, mitano, siku hizi ni biashara kubwa, itamlipa.

#18 BwanaShambaMoro
Kibosho, wazo la mti ni la kwanza kwa ubora kwenye uzi huu. Ila Hass Chanika hapana. Hass inataka baridi ya miinuko, kuanzia kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari kwenda juu. Ndiyo maana inafanya vizuri Rungwe, Njombe, Kilimanjaro na Arusha. Ukiipanda Dar itaota majani, mtafurahi, halafu mtasubiri matunda hadi mchoke.

Chanika pelekeni mwembe wa kupandikiza, mlimao, mstafeli, mkomamanga, au mnazi mfupi. Mche wa kupandikiza utautambua kwa kovu kwenye shina, kiasi cha shubiri moja juu ya udongo. Kama hakuna kovu, umeuziwa mche wa mbegu na utasubiri miaka mingi zaidi.

La muhimu zaidi: mwembe usikae karibu na nyumba wala na karo. Ukiwa mdogo unapendeza pale dirishani, ukikua mizizi inatafuta maji na karo ndilo lenye maji. Acheni walau mita nane hadi kumi. Kiwanja kikiwa cha mita 20 kwa 20 mpeni mlimao na mkomamanga, mwembe muuache. Na mtu mpe mche mmoja au miwili anayoweza kuimwagilia. Aliyetoka kuhamia ananunua maji kwa dumu.

#19 MtotoWaKibosho
Nimepokea bwana shamba. Nyumbani kila kitu kinaota, tunasahau kwamba kwengine kuna jua.

#20 DadaWaLuku
Kwa nini hakuna aliyetaja umeme? Mwombe namba ya mita kimyakimya kwa shemeji, mnunulie LUKU ya hela ndefu. Miezi kadhaa hatawaza giza. Ila mjue kuna shilingi elfu moja ya kodi ya jengo inakatwa kila mwezi humo humo.

#21 KaraniMstaafu
Dada, elfu moja ilikuwa ile ya kuanzia Agosti 2021. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ndiyo 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Na kama mita ilikaa bila kununuliwa umeme wakati wa ujenzi, malimbikizo yote yanakatwa kwa mkupuo. Unaweza kutuma zawadi, nusu ikaenda serikalini. Hiyo nayo ni msaada, maana deni lilikuwa lake, ila usishangae akikuambia uniti zimekuja chache.

#22 DadaWaLuku
Ahsante mzee kwa sahihisho. Basi ndiyo uzuri wake, umemlipia na kodi.

#23 ShangaziGesi
Mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake la juu. Bajeti yako inatosha na chenji inabaki. Serikali yenyewe ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sasa mtu kahamia nyumba mpya, dari jeupe linakuja, halafu apikie mkaa ndani? Moshi utalimaliza kabla halijalipiwa. Mimi nimempelekea dada yangu mtungi na akasema ndiyo zawadi pekee aliyoitumia usiku ule ule, chakula cha sherehe kilikuwa kimeisha na wageni bado wapo.

#24 Fundi_Plasta
Shangazi nakuunga mkono, ila ongeza jambo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inalala chini sakafuni. Jiko lenye dirisha la juu tu halisaidii, linahitaji tundu la hewa chini karibu na sakafu au mlango wenye upenyo. Wengi hawaachi. Ukimpelekea mtungi, mwonyeshe na kupima uvujaji kwa povu la sabuni kwenye maungio. Usitumie kiberiti kamwe.

#25 MtuWaPugu
Wakuu nimesoma yote, mbarikiwe. Jioni hii mke wangu kampigia shemeji kwa habari nyingine kabisa, akapitia hapo hapo kwenye nyumba. Jiko la gesi wanalo. Mbu ni wengi mno, wanalala na chandarua kimoja kwa vitanda viwili. Maji wananunua. Madirisha matano, hakuna lenye wavu. Naona wavu unashinda. Lakini mama mkwe kasikia na kasema wavu ni wa fundi, niende na "kitu cha heshima" pia.

#26 KijanaWaTemeke
Kitu cha heshima = bahasha.

#27 MamaMdogoBunju
Kijana, bahasha utampa nani? Ukimpa mume inaenda kwa fundi kesho asubuhi. Ukimpa mke inaenda jikoni na kwenye sare za shule. Kila mmoja ana haki yake, na ukichagua mmoja umeshaingia kwenye ule ugomvi aliousema mzee #11.

#28 KijanaWaTemeke
Unawapa wakiwa wamesimama wote wawili, mkono wa mume na mkono wa mke.

#29 MzeeWaSoni
Akipokea mume na mke anaona, inatosha. Mimi nimeishi hivyo.

#30 MamaMdogoBunju
Mzee, nakuheshimu sana, lakini muulize na mama kama ilimtosha.

#31 Bint_Muscat
Nawasalimu nyote. Huku Oman hakuna nyumba mpya inayofunguliwa bila ubani, na ubani wenyewe unatoka Dhufari, upande wa Salalah. Mtoa mada aliuliza kama Walutheri wataupokea. Kanisani ubani upo, Wakatoliki wanafukiza kila sikukuu, na mamajusi walimpelekea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane. Uvumba ndiyo huo. Mchungaji hawezi kukataa zawadi ya mamajusi.

#32 MtotoWaKibosho
Mimi Mlutheri. Kufukiza hatufukizi kanisani, ila harufu nzuri nyumbani hakuna anayekataza. Mpelekee, aamue mwenyewe.

#33 MwanaKhanga
Kitu cha heshima kwa mama mwenye nyumba ni khanga. Doti mbili. Lakini soma jina kabla hujalipa. Kuna mtu alikwenda kwenye shughuli ya aina hii na khanga nzuri ya rangi, jina lake lilikuwa linasema wenye wivu wajinyonge. Mwenye nyumba akaanza kujiuliza nani alimwonea wivu, na kwa nini huyu analijua. Chukua yenye dua au shukrani. Khanga ya maneno makali ni kama kisu tu, mama mkwe ataikataa pia.

#34 MswahiliLeipzig
Sasa hapo #33 kanipa wazo. Labda tatizo la kisu ni lile lile la khanga. Mpewaji anabaki anawaza "alimaanisha nini". Mkate haumfanyi mtu awaze.

#35 UmmuZuwena
Kaka wa Leipzig, kila kitu wewe wakitafutia akili. Vyengine wazee walivikuta na wakaviacha. Na hiyo ya sarafu ya mia, hata mie sitoikubali, makali ni makali.

#36 MswahiliLeipzig
Dada Ummu sina ubishi, nimeongeza tu.

#37 TenkiKubwa
Kama wananunua maji kwa dumu, changishaneni watu kumi mumnunulie tenki la lita 1,000. Mtu mmoja hamuwezi, ila kundi la WhatsApp la kazini linaweza. Kwenye misiba tunachanga siku moja na hela inapatikana, kwenye furaha tunaona aibu. Kwa nini?

#38 Fundi_Plasta
Kwa tenki kumbukeni lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, tani nzima, bado uzito wa tenki lenyewe. Msimwekee juu ya matofali yaliyopangwa bila zege. Liwe chini kwanza hadi mnara ujengwe.

#39 KaraniMstaafu
Namjibu #37. Kwenye msiba kila mtu anajua ipo siku atahitaji. Nyumba wengi hawana uhakika kama watajenga, kwa hiyo mchango haurudi.

#40 TenkiKubwa
Mzee, mimi sijajenga na nimechangia tenki mbili. Watu wanaogopa kuanzisha tu. Mmoja akiandika jina na kiasi, wengine wanafuata.

#41 MtuWaPugu
Nimeanzisha kundi, tuko saba mpaka sasa. Kama tenki litapatikana, mimi binafsi naenda na wavu na khanga doti mbili. Fundi, wavu upi? Na madirisha napimaje bila mwenye nyumba kujua?

#42 Fundi_Plasta
Usipime, nunua wa roli. Mwombe shemeji akupigie picha ya dirisha moja lenye mtu amesimama pembeni, nitakukadiria. Chukua wa alumini au wa nyuzi za plastiki ngumu, wa chuma utashika kutu. Nunua na mbao nyembamba za fremu na misumari midogo, maana wavu bila fremu utakaa uvunguni. Bora uwekwe upande wa ndani wa nondo, watoto wasiutoboe wakicheza nje. Kazi ya madirisha matano ni ya siku moja, hata wewe na yeye mnaweza mkiwa na msumeno.

#43 JaNyando
Na jogoo?

#44 BwanaShambaMoro
Jogoo apelekwe, ila kabla ya mche kupandwa zungusheni senyenge. Ataufukua wote.

#45 WaMbagala
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Bwana shamba, mkomamanga wangu Chamazi unatoa maua mengi halafu yanapukutika yote. Ni maji, au ni udongo?

#46 BwanaShambaMoro
Unamwagilia kila siku au siku ukikumbuka? Anza kunijibu hapo.